Chotara

Mkulima akitaja mahindi chotara, hakuna anayeshtuka. Kuku chotara nao tumeshawazoea. Nashangaa basi kwa nini neno hili hatujalifikisha gereji, maana Waingereza wana pikipiki inayolidai kabisa: Triton.

Jina lenyewe ni chotara: Tri ya Triumph, ton ya Norton. Injini ni ya Triumph, silinda mbili; fremu ni ile ya Norton ya mwaka 1950, iliyobandikwa jina la kitanda cha manyoya kwa jinsi ilivyokuwa raha kuiendesha. Na fremu hizo zilipatikanaje? Madereva wa vigari vya mashindano vya injini ya cc 500 walitaka injini ya Norton, lakini kampuni haikuiuza peke yake. Wakanunua pikipiki nzima, wakang'oa injini, fremu zikabaki yatima.

Kuzioanisha na injini ya Triumph si mchezo. Fundi hukata bamba za alumini, akatoboa matundu ya kushika fremu na mengine ya kushika injini. Akikosea milimita chache tu, mnyororo unakwenda upande.

Kukarabati ni habari nyingine. Mkarabati hutaka namba ya injini na ya fremu ziwe zilezile za kiwandani, hata rangi ya tangi asiiguse ovyo, kwa hiyo Triton humkera. Wapo watakaoiita pikipiki ya kuungaunga. Mimi siafiki. Kuungaunga ni ile taa ya mbele iliyofungwa kwa mpira wa tyubu.