Tarehe ya Maktaba za Umma na Mabarubaru Wasomao

Katika tarehe ya elimu ya Afrika Mashariki walimu wametajwa, shule zimetajwa na wapiga chapa wametajwa. Lakini maktaba za umma, ambamo mabarubaru na wanawali wengi walikutana kwa mara ya kwanza na kitabu kisichokuwa cha darasani, hazijapewa haki yao katika masimulizi hayo.

Mombasa ilikuwa na maktaba na chumba cha kusomea bure tangu mwanzoni mwa karne ya 20, nayo iliitwa kwa jina la Seif bin Salim, mtu wa ukoo mashuhuri uliotoa maliwali wa pwani. Nairobi ilipata McMillan Memorial Library mwaka 1931, jengo la fahari lililojengwa na Lucie McMillan kwa kumbukumbu ya mumewe marehemu, lenye safu ya nguzo za mawe na sanamu mbili za simba mbele yake. Walakini mlango huo ulikuwa wa Wazungu peke yao hata ikakaribia kwisha miaka ya 1950, na barubaru Mwafrika au Mhindi aliyejua kusoma vizuri alipita njiani akiwatazama simba, bila ya idhini ya kuvitazama vitabu. Dhuluma hii yafaa isemwe wazi, kwani aliyenyimwa kitabu akiwa na umri wa miaka 14 hafidiwi kwa kufunguliwa mlango akiwa na miaka 40.

Waliozaliwa mbali na mji walifikiwa kwa njia nyingine. Mwaka 1948 ilianza kazi East African Literature Bureau, chini ya uongozi wa Charles Richards, na shughuli zake zilikuwa za namna mbili zilizosaidiana sana: kutungisha na kuchapisha vitabu, kisha kuviazimisha. Palikuwa na vitabu vilivyopelekwa kwa posta kwa msomaji mmojammoja, na palikuwa na masanduku yaliyosafirishwa hata vijijini, yakawekwa katika amana ya mwalimu au karani, ambaye aliandika daftarini jina la mwazimaji na siku ya kurudisha. Sanduku lilipokwisha kusomwa lilirudishwa, na jingine likaja mahali pake. Sidhani kama katika zama zile palikuwa na ikhtiari iliyokuwa nyepesi kwa gharama na nzito kwa fadhila kuliko hiyo.

Na ndani ya masanduku na rafu hizo kulikuwa na nini cha kumvuta kijana? Hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Tangu mwaka 1929 palikuwapo Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ambayo vizazi kadhaa vya wanafunzi waliisoma kwa shauku kubwa. Lakini mambo yake yalikuwa ya wageni waliokuja kutafuta mali ya bara letu. Katika mashindano ya kuandika hadithi ya mwaka 1957 na 1958, yaliyoendeshwa na Bureau hiyo hiyo, Muhammed Said Abdulla wa Unguja akatoka wa kwanza kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale, ambayo ilichapishwa mwaka 1960. Kijana aliyekifungua kitabu hicho alimkuta Bwana Msa na kiko chake, pamoja na sahibu yake Najum, wakifuatia siri ya mauaji katika mashamba ya Unguja, kwa Kiswahili cha watu wa Unguja, na akili iliyofumbua fumbo lile ilikuwa akili ya mtu ambaye angaliweza kuwa jirani yake. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo, naye pia kwa mkono wa Bureau. Wako wazee waliovidharau vitabu vya upelelezi wakisema havina adabu wala faida, nami siafikiani nao hata kidogo, kwani hivyo ndivyo vilivyowafundisha mamia ya vijana kukesha na kitabu bila ya kuamrishwa na mwalimu. Mtu akitaka ushahidi, asitazame orodha ya mkutubi. Na afungue jalada, aitazame ile karatasi ya mihuri ya tarehe za kurudisha. Katika kitabu kipendwacho mihuri imebanana hata ikapandana, na uzi wa mgongo umekatika. Na chenye mawaidha matupu karatasi yake ni nyeupe.

Uhuru ulipopatikana, serikali zilizichukua maktaba kuwa dhima yao. Tanganyika ilitunga sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba mwaka 1963, Kenya ikafuata mwaka 1965, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa amekwisha kumtafsiri Shakespeare, alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Matawi yakaenea mikoani. Furaha ile ilikuwa ya haki, ila ndani yake palikuwa na kasoro iliyodumu: watoto walitengewa sehemu yao na watu wazima yao, ilhali aliyekwisha kuuacha utoto na hajaufikia utu uzima aghalabu hakutengewa kitu. Akajitengea mwenyewe kiti. Alikuja na madaftari yake kutoka nyumbani, akakaa kujiandaa kwa mtihani tangu asubuhi hata magharibi, akaondoka bila ya kugusa rafu. Wakutubi wakawahesabu waingiao, wakaridhika kuona viti vimejaa, na mahali pa kusomea pakawa ni pa kukariri. Simlaumu kijana huyo, maadamu mtihani ndio uliokuwa mlango wake wa riziki. Lakini maktaba haikujengwa iwe darasa la ziada.

Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, pamoja na Bureau yake, ikaja miaka ya uhaba wa karatasi na fedha za kigeni, na rafu zikachakaa.

Uhai ulirudi pale watu walipoyafufua mawazo ya sanduku la kale. Mwaka 1991 ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ukawapa wachapishaji matumaini ya kununuliwa nakala zao na kupelekwa mashuleni. Mwaka 1996 maktaba ya taifa ya Kenya ilianzisha huko Garissa msafara wa ngamia: mmoja huchukua masanduku ya vitabu, mwingine hema na mikeka, na wanafunzi wa jamii za wafugaji huchagua vitabu chini ya kivuli, wakavirudisha msafara ujapo tena. Huko Nairobi, tangu mwaka 2017, shirika la Book Bunk limeshika kazi ya kuitengeneza McMillan pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, ili vijana wa mitaa hiyo wapate mahali pao.

Basi enyi madiwani na wakutubi, tengeni katika kila maktaba rafu ya vijana wa miaka 12 hadi 18, ijazeni hadithi za Kiswahili, na vitabu hivyo viazimishwe kwenda nyumbani. Nanyi wazazi, mwandikisheni kijana wenu apate kadi yake mwenyewe, na atakaporudi na kitabu cha Bwana Msa, msimnyang'anye kwa sababu ya mtihani.