Papa wa Feri, Papa wa Roma na papa wa Peru

Najua nimeadimika kidogo, majaribio yalitubana vibaya. Leo sina stori za boom wala za foleni ya kafteria. Nawaletea historia, ila ni ya neno moja tu, tena fupi: papa.

Kwa nini papa? Kwa sababu hapa chuoni kuna ugonjwa mmoja umeenea. Mtu akikuta neno la kabila lake linafanana na la Misri ya kale, au la Wayahudi, au la Wahindi, basi kesho yake ana nadharia nzima ya wapi babu zake walitokea. Tunazishangilia, na nyingine zinaingia mpaka kwenye insha za semina. Sasa tumchukue papa tuone njia hiyo inatufikisha wapi.

Tuanze na papa ambaye ni baba. Wafaransa, Wajerumani na Warusi wote wanamwita baba "papa". Wakongo wakalipata kupitia Kifaransa, ndiyo maana tulikuwa na Papa Wemba, yule mwanamuziki aliyeanguka jukwaani Abidjan mwaka 2016 na kufariki. Ukivuka kwenda Uchina unakuta "baba", Uturuki "baba", na kwetu "baba". Je, sote ni ukoo mmoja?

Hapana bwana. Mwanaisimu Roman Jakobson alilieleza jambo hili kwenye makala iliyochapishwa mwaka 1960, akitumia maneno zaidi ya 1,000 ya kumwita mama na baba, yaliyokusanywa na mwanaanthropolojia George Murdock kutoka lugha za dunia nzima. Mtoto mchanga hawezi r wala s. Anachoweza ni kufunga midomo na kuiachia: ma, ba, pa. Wazazi kwa furaha yao kila mmoja anadhani ameitwa yeye! Kwa hiyo sauti hizo zinageuka "mama" na "baba" mahali pengi bila mtu kukopa kwa mwenzake. Na wala si lazima zigawanywe kama tulivyogawana sisi. Kule Georgia, nchi ya milima ya Kaukazi, "mama" maana yake ni baba, na mama anaitwa "deda". Yaani ukifika huko na Kiswahili chako unaweza kuvunja nyumba ya watu.

Papa wa Roma ametoka kwenye shina hilo hilo la kitoto. Wagiriki walikuwa na "pappas", na Wakristo wa mwanzo wakaitumia kuwaita maaskofu wao kwa heshima. Hapa Waafrika tufungue masikio: katika karne ya 3 Heraclas, askofu wa Aleksandria kule Misri, tayari alikuwa anaitwa papa. Mpaka leo mkuu wa Wakopti ana cheo cha Papa wa Aleksandria. Huko Ulaya Magharibi cheo kilikuja kubaki cha askofu wa Roma peke yake, jambo ambalo Gregory VII alilikazia katika karne ya 11.

Sasa twende Peru. Waspania walipoivamia himaya ya Wainka mwaka 1532 walikuta watu wanakula kiazi ambacho kwa Kikechua kinaitwa "papa". Hicho ndicho kiazi mviringo chetu, na kimelimwa kwenye milima ya Andes kwa maelfu ya miaka. Amerika ya Kusini bado wanakiita papa. Lakini Waspania walishakutana na kiazi kitamu visiwani Karibi, ambako Wataino walikiita "batata". Maneno mawili yakagongana, Hispania ikazaliwa "patata". Wareno nao wakalihamishia jina la batata kwenye kiazi mviringo, na kutoka kwao sisi tukapata "mbatata". Kwa hiyo mdau ukiwa unagonga chipsi mayai usiku, unakula papa wa Kikechua mwenye jina la Kitaino lililoletwa na Mreno.

Ukienda New Zealand kwa Wamaori, "papa" ni uso wa nchi, na dunia yenyewe ni mama yao, Papatūānuku. Ukirudi Feri hapa Dar, papa ni samaki mwenye meno, na mkavu wake kwa nazi ni habari nyingine. Mwaka 2009 magazeti ya Bongo yalipojaa "mafisadi papa", hakuna aliyefikiria Vatikani wala viazi. Hata sarufi yetu inawatenganisha: wa Roma wakiwa wengi ni Mapapa, wa Feri hata wakijaa mtumbwi ni papa tu.

Baba, askofu, kiazi, ardhi, samaki. Ni baba na askofu tu walio ndugu hapo. Mwenye nadharia zake angeshawaunganisha Wainka na wavuvi wa Feri.

Mtaniambia ni mambo ya kuchekesha tu. Mwaka 1912 Carl Meinhof, bingwa wa lugha za Kibantu, alitoa kitabu kuhusu lugha za "Wahami". Alichanganya ushahidi wa lugha na mawazo ya zama zake kuhusu rangi za watu na ufugaji wa ng'ombe, akawatia humo hata Wamasai. Joseph Greenberg ndiye aliyevunja hoja hizo, na katika kitabu chake cha mwaka 1963 Kimasai kimekaa panapostahili, pamoja na Kijaluo na Kidinka. Lakini hadithi ya Wahami ilikuwa imeshafanya kazi yake. Wakoloni walimfanya Mtutsi wa Rwanda kuwa mgeni bora, na mwaka 1994 wenye propaganda ya mauaji ya kimbari walimgeuza mgeni wa kuondolewa. Haya yote wakati Mtutsi na Mhutu wanazungumza Kinyarwanda kile kile, na wote mtu wanamwita "umuntu".

Basi undugu wa lugha unapimwaje? Kwa mabadiliko yanayojirudia. Sisi tunasema mtu na kitu. Mganda anasema omuntu na ekintu, Mkikuyu mũndũ na kĩndũ, Mshona munhu na chinhu. Palipo na nt kwa Mganda, Mkikuyu ana nd, Mshona ana nh, na sisi tumebaki na t, tena neno baada ya neno. Huo ndio ushahidi. Halafu cheki maajabu: Mganda huyo huyo, ndugu yetu wa damu kilugha, baba anamwita "taata", na Mnyarwanda anasema "data", wakati Mchina asiyetuhusu kabisa anasema "baba" kama sisi!

Kwa hiyo mdau, siku ukiletewa neno moja linalofanana na la mbali, uliza kwanza lilisafiri na kitu gani, lilipitia kwa nani, na je, yapo mengine yanayofuata mkondo huo huo? Kama hayapo, usimhamishe mtu kwao kwa ajili ya silabi mbili.

Haya, zamu yenu. Leteni maneno ya nyumbani kwenu tuyachambue. Tukutane maktaba.