Elisabeti, Mariamu na Hesabu ya Wiki

Wengi mmenitumia swali moja: Mchungaji, mbona kanisa lisisukume Bunge lituletee sheria kama zile za ng'ambo, zinazosema mimba ikishafika wiki fulani isiguswe tena? Swali ni zuri. Kabla sijalijibu, fungueni Luka 1, mstari wa 36 hadi 44.

Malaika anamwambia Mariamu kwamba jamaa yake Elisabeti yuko mwezi wa sita. Mariamu anafunga safari kwenda milimani Yudea. Akibisha hodi, mimba mbili zinakutana mlangoni. Moja ina wiki kama 24 hivi. Nyingine ni changa kabisa, hata majirani hawajashuku. Mtoto mkubwa anaruka tumboni, na Elisabeti anamwita mgeni wake mama wa Bwana wake. Mama, tayari! Shikeni hapo, twende Uingereza kidogo, maana vifungu vyetu vya Kanuni ya Adhabu kuhusu kuavya mimba vilitoka huko.

Waingereza hawakuanza na wiki. Sheria yao ya 1803 iliuliza kama mtoto ameanza kucheza tumboni. Kama ameanza, aliyemtoa angenyongwa. Kama bado, adhabu ilikuwa viboko, kifungo au kuhamishwa ng'ambo. Mwaka 1837 tofauti hiyo ikafutwa, na mwaka 1861 ikaja sheria kali isiyojali umri wa mimba. Vifungu vyetu vya 158 mpaka 160 ni wajukuu wa hiyo ya 1861. Wiki ziliingia mwaka 1929, katika sheria ya kumlinda mtoto anayeweza kuzaliwa akiwa hai. Waliandika kwamba mimba ya wiki 28 ni ushahidi wa kutosha kwamba mtoto amefikia hapo. Angalieni kilichopimwa. Ilikuwa ni uwezo wa wakunga na madaktari wa siku zile kumwokoa mtoto aliyezaliwa mapema.

Sasa niwaambie jambo ambalo Wakenya wengi hawalijui. Sheria iliyofungua mlango wa kuavya mimba Uingereza mwaka 1967 ililetwa na mbunge kijana, David Steel, na huyu ni mtoto wa mchungaji aliyekulia Nairobi. Baba yake alikuwa mchungaji wa St Andrew's, ile ambayo leo ni PCEA pale karibu na Chuo Kikuu, na wakati wa Mau Mau alipaza sauti kupinga ukatili wa serikali ya kikoloni. Kijana akasoma Prince of Wales, ambayo siku hizi ni Nairobi School. Mwaka 1966 akapata nafasi ya tatu kwenye bahati nasibu ya wabunge wa kawaida kuleta miswada, na akachagua jambo hili, kwa sababu wanawake walikuwa wakifa mikononi mwa watu wa vichochoroni. Mimi sikubaliani na sheria yake. Lakini siwezi kumchora kama mtu aliyechukia kanisa, na aliyoyaona yalikuwa kweli. Hata hapa kwetu tumezika mabinti kwa njia hiyo hiyo, na kwenye mazishi tukasema ni tumbo tu lilimuuma.

Sheria ya Steel yenyewe haikutaja wiki hata moja. Iliiacha ile ya 1929 ilivyo, na 28 ikawa mpaka. Kisha mashine za hospitali zikaboreka, na kufikia miaka ya themanini watoto wa chini ya wiki 28 wakawa wanaishi. Waamini wengi wakaamka. Mwaka 1988 mbunge Mkatoliki, David Alton, akaleta mswada wa kushusha mpaka hadi wiki 18. Wabunge wakaupitisha kusomwa mara ya pili kwa kura 296 dhidi ya 251. Watu wakashangilia, lakini mwezi wa Mei wapinzani wakazungumza mpaka muda ukaisha, na mswada ukafa bila kufikia kura ya mwisho.

Kilichofuata mwaka 1990 ndicho ningependa msome polepole. Bunge lilirudia jambo hili ndani ya mswada mwingine, ule wa uzazi wa maabara. Wiki 18 ikaanguka, 24 ikapita. Ukisikia hivyo unasema haleluya, tumetoka 28 tumefika 24. Lakini katika mabadiliko hayo hayo iliondolewa ile kamba ya 1929 iliyofunga karibu kila kitu. Ikawa kwamba kukiwa na hatari kubwa ya mtoto kuzaliwa na ulemavu mzito, hakuna wiki inayohesabiwa tena, hata mimba ikikaribia kuzaa. Hali ya Down imehesabiwa humo. Kwa hivyo watu waliokwenda Bungeni kuwalinda watoto zaidi walirudi nyumbani na kundi moja la watoto lisilo na mpaka wowote. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo katika ushirika wetu akiniuliza kama ule ulikuwa ushindi, nitamwambia nini?

Walijaribu tena Mei 2008. Picha za skani za mtoto akijinyoosha tumboni zilikuwa zimeonekana kila mahali, na watu walidhani picha zitashinda. Wabunge wakapigia kura wiki 12, 16, 20 na 22, moja baada ya nyingine, na zote zikaanguka. Ya 22 ndiyo iliyokaribia, 233 dhidi ya 304. Hoja kubwa ya waliokataa ilikuwa kwamba hospitali bado haziwaokoi wengi chini ya wiki 24. Mnaona? Ukikubali kipimo cha mashine, siku mashine ikikwama na wewe umekwama.

Katiba yetu ya 2010, ile makanisa mengi tuliyoipinga kwenye kura ya maoni na ikapita, haina wiki. Kifungu cha 26 kinasema uhai huanza mimba inapotungwa, kisha kinakataza kuavya isipokuwa kwa dharura ya matibabu, maisha au afya ya mama ikiwa hatarini, au pale sheria nyingine itakaporuhusu. Hayo maneno ya mwisho ndiyo mlango ambao mswada wowote wa wiki unaweza kupitia.

Basi jibu langu ni hili. Mswada kama huo ukija, sitapiga makofi kwa kusikia nambari. Nitafungua kurasa za nyuma nione ni watoto gani wameachwa nje, na kama daktari anayemwokoa mama anayevuja damu amelindwa. Ninyi pia msiniunge mkono kwa sababu mimi ni mchungaji. Someni.

Na dada yangu unayesoma hii usiku huu ukiwa na mimba na hofu, Mama Mchungaji yuko ofisini Jumanne na Alhamisi kuanzia saa nane mchana. Hatakuuliza ni wiki ngapi wala ni ya nani. Njoo na rafiki ukitaka, chai ipo.