Eneokazi la Mbali: Mbali na Nani?

Mhasibu yuko Dodoma, kompyuta yenye hesabu za kampuni iko Dar es Salaam. Anafungua programu ndogo kwenye kompyuta yake mpakato, anaandika anwani, jina na nywila, na dirisha linajaa uso mzima wa ile mashine ya Dar: aikoni zake, mafaili yake, hata printa yake. Mafundi wengi huliita jambo hili "rimoti" na kuishia hapo. Lakini Kiswahili cha programu kimeshazoea kuuita uso huo wa kompyuta eneokazi, na kwa kufuata mkondo huohuo tunapata eneokazi la mbali. Naiunga mkono istilahi hii, kwa sababu inataja kazi, na kazi ndiyo kiini cha jambo lenyewe.

Kazi yote hufanyika kule. Programu ya uhasibu inaendeshwa na kichakato cha mashine ya Dar, na faili linahifadhiwa kwenye diski ya Dar. Kinachokuja Dodoma ni picha tu, na kinachokwenda Dar ni mibofyo ya kipanya na herufi za kibodi. Ndiyo maana kompyuta kuukuu inatosha kabisa kwa aliyeketi mbele yake. Ndiyo maana pia umeme ukikatika Dodoma hesabu haziharibiki, ila ukikatika Dar, betri ya kompyuta mpakato haimsaidii mhasibu chochote.

Hiyo picha nayo si nyepesi. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, kila pikseli ikichukua baiti 3, ni zaidi ya megabaiti 6 kwa picha moja. Kutuma picha 30 za namna hiyo kila sekunde kungehitaji kasi inayokaribia gigabiti 1.5 kwa sekunde, na ofisi nyingi hazina mtandao wa kasi hiyo. Kwa hiyo itifaki zote za eneokazi la mbali zinaishi kwa ubahili. VNC, iliyobuniwa katika maabara moja mjini Cambridge, Uingereza, na kutolewa bure mwaka 1998, hutuma mistatili ya skrini iliyobadilika tu, ikiwa imebanwa. RDP ya Microsoft, iliyotoka mwaka huohuo pamoja na toleo maalumu la Windows NT 4.0, iliweza pia kutuma maagizo ya uchoraji: chora mstari hapa, andika herufi pale, na kompyuta ya mtumiaji ikachora yenyewe.

Mfumo wa X, unaochora madirisha ya programu kwenye skrini, ni mkongwe kuliko hizo mbili. Ulianza katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984, na hadi leo huwachanganya wanaoanza kutumia Linux, maana ndani yake seva ni ile mashine iliyo mbele yako. Tumezoea kuidhani seva kuwa kompyuta kubwa iliyofungiwa kwenye chumba chenye kiyoyozi. Katika X, kinachotoa huduma ni skrini, kibodi na kipanya, na programu iliyo mbali ndiyo mteja anayeomba kuchorewa dirisha. Ukishalikubali hilo, mwongozo wowote wa X unasomeka.

Sasa niseme juu ya neno kipindi, ambalo kwangu lina uzito kuliko eneokazi lenyewe. Kuna mambo mawili tofauti ambayo watu huyaita kwa jina moja. La kwanza ni kushiriki skrini: fundi anaona kilekile unachokiona wewe, na kipanya kikisogea mnakiona wote wawili. VNC hutumika sana hivi. La pili ni kufungua kipindi chako mwenyewe: seva moja ya Windows au Linux inaweza kubeba wahasibu kumi kwa wakati mmoja, kila mmoja na eneokazi lake, wala hawaonani. Wapo wanaopendekeza kusema kikao, lakini kikao ni cha watu waliokutana, na hapa hakuna anayekutana na mwenzake. Kipindi kina mwanzo na mwisho, na kina mwenyewe.

Huo mwisho ndio unaosahaulika. Ukifunga dirisha la RDP kwa alama ya msalaba, umekata muunganisho tu. Kipindi chako kinaendelea kuishi kwenye seva, programu zikiwa wazi na kumbukumbu ikiliwa. Wakati mwingine hiyo ndiyo faida unayoitaka: unaacha kazi ndefu ikiendelea usiku na kuirudia asubuhi. Lakini aliyemaliza kazi anapaswa kutoka, yaani kukifunga kipindi chenyewe. Tofauti ya kukata na kutoka ifundishwe siku ya kwanza.

Umbali nao una bei yake. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, mawasiliano yetu mengi na nje yalipita kwenye setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu, na mbofyo mmoja ulihitaji takriban nusu sekunde kwenda na jibu lake kurudi. Kuandika kwa hali hiyo ni mateso. Kati ya Dodoma na Dar kwa mkongo, safari hiyo ni ya milisekunde chache.

Kubwa zaidi ni usalama. Mei 2019 Microsoft ililazimika kutoa kiraka hata kwa Windows XP, mfumo iliokwisha kuacha kuuhudumia tangu 2014, kwa sababu ya ufa katika huduma ya RDP uliomruhusu mvamizi kuingia bila nywila. VNC ya awali nayo ilisoma herufi 8 za kwanza tu za nywila, na picha zikapita njiani bila kusimbwa. Basi, ndugu msomaji, mlango namba 3389 wa RDP au 5900 wa VNC wa ofisi yako usiachwe wazi kwa intaneti nzima. Upitishe muunganisho ndani ya VPN au handaki la SSH. Na mtu asiyejulikana akikupigia simu, akajiita fundi wa benki na kukuomba usakinishe programu ili "aione skrini yako", kata simu hiyo mara moja.