Breki ya Hofu

Msomaji, tuseme watoka Timbwani, washuka kwenda kivuko cha Likoni, na mara gari lafunga breki kwa kishindo nyuma yako. Moyo wakudunda na jasho lakutoka. Hatari ikishapita, kitambo kidogo ukatulia. Je, umepata kujiuliza ni nani aliyeuamuru mwili wako utulie?

Jawabu lilichukua miaka mingi kupatikana. Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal, Kanada, aliandika kwamba panya waliotaabishwa kwa baridi au kwa majeraha walipatwa na mabadiliko yale yale: tezi zilizo juu ya mafigo zilikua kupita kiasi. Baadaye Geoffrey Harris wa Uingereza alionyesha kwamba mwenye kuamuru ni ubongo. Sehemu yake iitwayo hipothalamasi hupeleka ujumbe kwa vishipa vyembamba hadi tezi ya pituitari; nayo pituitari huziamuru tezi za juu ya mafigo zitoe homoni ya kortisoli.

Mwaka 1968 Bruce McEwen na wenzake, mjini New York, waligundua katika panya kwamba homoni ya jamii hiyo hurudi ubongoni na kupokewa mahali paitwapo hipokampasi. Kumbe mwili nao una breki! Homoni ikizidi, ubongo huihisi na kuziamuru tezi zipunguze kazi.

Lakini breki ikanyagwayo kila siku huchakaa. Ushahidi wa jambo hili ulipatikana hapa Kenya. Kuanzia mwaka 1978 Mmarekani Robert Sapolsky aliwachunguza nyani wa Masai Mara, akiwalaza kwa vishale vya dawa na kuwapima damu. Pindi vyeo vya kundi vilipokuwa imara, madume wanyonge walikuwa na kortisoli nyingi hata wakati wa utulivu, na breki ya ubongo wao ilikuwa dhaifu kuliko ya wakubwa wao. Mwaka 1989 yeye na wenzake walieleza habari za tumbili waliofungiwa vizimbani nchini Kenya, ambao yaelekea walionewa na wenzao mpaka wakafa. Hipokampasi zao zilionekana zimeharibika.

Basi hofu ipitayo ni mlinzi wetu, bali hofu isiyokoma ni adui. Wazee husema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ukimwona mwenzako darasani ashtuka kwa jambo dogo, usimcheke ukamwita mwoga. Tazama kwanza ni nani amwoneaye kila siku, kisha usimame upande wake.