Mzazi, Usimchukue Mwanao Kimya Kimya

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo mzazi hapendi hata kulifikiria: ile simu ya usiku inayokuambia kwamba shule ya mwanao inaungua.

Historia ya moto mashuleni katika nchi zetu ni ndefu kuliko tunavyopenda kukiri. Mwezi Juni 1994, wasichana zaidi ya 40 wa Shule ya Sekondari Shauritanga, wilayani Rombo, mkoa wa Kilimanjaro, walifia bwenini. Mwezi Machi 1998, wasichana 26 waliteketea katika shule ya Bombolulu, Kwale. Mlango ulikuwa na kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Tuliomboleza, tukasema haitatokea tena. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, wavulana 67 wakafa Kyanguli, Machakos, na pale napo mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana vyuma. Agosti 2009, wasichana 12 walikufa Idodi, mkoani Iringa. Septemba 2017, wasichana 10 wa shule ya Moi, Nairobi. Septemba 2024, wavulana 21 wa Hillside Endarasha, Nyeri.

Vile vyuma viliwekwa ili wezi wasiingie, na kufuli ili watoto wasitoroke. Aliyeviweka hakukusudia kuua. Lakini moto hauulizi nia ya mtu. Ndiyo maana mwaka 2008 Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama mashuleni. Unasema bweni liwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati. Milango ifunguke kwa nje. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda pawe na nafasi ya mita 1.2, na njia ya kupita isipungue mita 2. Aidha, watoto wahesabiwe kila usiku kabla ya kulala na hesabu hiyo iwekwe katika maandishi.

Naomba uishike hiyo hesabu, maana ndiyo iliyonileta hapa leo.

Miaka kadhaa iliyopita nilipigiwa simu yapata saa nne ya usiku. Bweni la shule anakosoma mpwa wangu lilikuwa linaungua. Dada yangu alikuwa safarini, hivyo nikaondoka mbio na gari la kuazima. Nilifika nikakuta wasichana wamejaa uwanjani, wengine wamejifunga mablanketi, wengine hawana viatu. Mpwa wangu aliniona kabla sijamwona. Alikuja akilia, "Mjomba, mjomba!" Nikamshika mkono, nikampandisha garini, tukaenda zetu. Sikumwambia mwalimu wala mlinzi. Njiani nilimshukuru Mungu, na nikajiona mjomba hodari.

Kumbe huku nyuma mwalimu wa zamu alikuwa na tochi na daftari la majina, anaita mmoja mmoja. Wasichana wote waliitikia isipokuwa mmoja. Aliita jina hilo mara ya pili na ya tatu. Wenzake wakasema labda amebaki ndani. Mlinzi wa usiku, mzee wa makamo, akajifunika blanketi lililoloweshwa maji, akaingia tena katika moshi kumtafuta mtoto ambaye wakati huo alikuwa amelala kwenye kiti cha nyuma cha gari langu.

Mzee yule alitoka hai, lakini mikono yake yote miwili iliungua. Nilipopata habari nilikwenda hospitalini kumwomba radhi. Sikujua nianzie wapi. Nikasema, "Mzee, shikamoo. Mimi ndiye niliyemchukua yule mtoto." Alinyamaza kidogo, kisha akajibu, "Marahaba, mwanangu. Mimi nilisikia jina halikuitikiwa. Ningefanyaje?" Hakusema zaidi. Laiti angenitukana, ningepumua.

Kwa hiyo nilipofuatilia habari za Endarasha mwaka 2024, nilikuwa nasikiliza kwa sikio la mkosaji. Siku iliyofuata moto ule, aliyekuwa Naibu Rais wa Kenya, Rigathi Gachagua, alieleza kwamba watoto wapatao 70 walikuwa hawajulikani walipo. Alisema hiyo haikuwa na maana kwamba wamekufa, akawasihi wanakijiji waliowapa watoto hifadhi usiku ule, na wazazi waliowachukua wao, watoe taarifa. Hesabu ile ilipungua kadiri watoto walivyopatikana. Lakini fikiria wazazi waliokesha pale langoni wakisikia sabini. Kila mtoto aliyeondoka bila kuandikwa aliwazidishia hofu wale ambao wana wao hawakutoka kamwe, na kuwachelewesha waliokuwa wakitafuta.

Basi mzazi afanye nini? Nitasema kwa ufupi.

Kwanza, kabla ya hatari. Siku ya kuwatembelea wanafunzi usiishie kwenye mkeka na chapati. Omba kuliona bweni. Sukuma mlango uone unafungukia wapi. Tazama madirisha. Uliza ufunguo hushikwa na nani usiku, na watoto huhesabiwa saa ngapi. Muulize mwanao kama wamewahi kufanya zoezi la kutoka bwenini gizani. Hakikisha shule ina namba yako ya simu inayofanya kazi, na jina la ndugu anayeruhusiwa kumchukua mtoto usipokuwepo. Mwanao akikuambia kuna manung'uniko shuleni, usimnyamazishe. Mpelekee mwalimu mkuu habari hiyo.

Pili, siku yenyewe. Ukipata habari, hakikisha vikosi vimeitwa: Kenya ni 999 au 112, na zimamoto Tanzania ni 114. Ukifika, egesha gari mbali na lango ili gari la zimamoto lipite. Usiingie ndani ya jengo. Mtafute mwenye daftari, au meza ya Msalaba Mwekundu kama ipo. Ukimwona mwanao, mkumbatie, kisha mpeleke kwa mwenye daftari ili jina lake litiwe alama na wewe utie sahihi. Ni kazi ya dakika mbili. Ukimpa hifadhi mtoto asiye wako, peleka jina lake usiku huo huo. Wala usisambaze kwa simu majina ya waliokufa kwa kusikia tu; yuko mama atakayelisoma jina hilo kabla ya kuambiwa.

Tatu, baadaye. Kama mtoto hajaonekana, mzazi mzazi aliyemzaa abaki karibu. Moto ukiwa mkali maiti hazitambulikani kwa macho, na damu au mate ya mzazi ndiyo hutumika kupima vinasaba, kama ilivyofanywa Endarasha. Na mtoto aliyepona usimwambie asahau. Mwache aseme, hata akirudia neno lile lile kila usiku.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Mimi nilisoma methali hiyo tangu darasa la tatu, lakini maana yake nilifundishwa na mzee mwenye bandeji mikononi. Mpwa wangu sasa ni mama. Mtoto wake alipopelekwa bweni kwa mara ya kwanza, nilikwenda naye. Yeye alishughulika na sanduku na godoro. Mimi nilikwenda kusukuma mlango.

Ulifunguka kwa nje. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.