Vina Vilivyomhifadhi Muyaka

Muyaka bin Haji alifariki Mombasa mwaka 1840, miaka mitatu baada ya kuanguka kwa utawala wa Mazrui alioupigania kwa mashairi dhidi ya Seyyid Said, mtawala wa Oman. Katika miaka ya 1880 Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya tungo zake kwa wazee wa mji waliokuwa wangali wakizikumbuka. Mmishonari W. E. Taylor akazinakili kwa hati za Kilatini, na mwaka 1940 William Hichens akatoa diwani huko Johannesburg.

Wazee wale waliwezaje kutunza beti muda wote huo? Wanafunzi wangu wakiniuliza, huwajibu kwa chaki. Huandika ubeti wa mishororo minne, mizani 16 kila mshororo, 8 kwa 8, kisha nikafuta neno la mwisho la ukwapi, yaani kipande cha kwanza cha mshororo. Kwa mizani na vina vilivyobaki ubaoni, darasa zima linajua neno hilo lina mizani tatu na linaishia kwa -ma. Papo hapo maelfu ya maneno yametupwa nje. Yanabaki machache, kama vile lazima, heshima, huruma na daima. Maana ya mshororo inachagua moja. Kumbe akili haikulazimika kushika kila neno peke yake. Kina na mizani viliyarejesha yaliyoponyoka, na kipande cha mizani 8 hutamkika kwa pumzi moja.

Masimulizi ya kawaida hayana kinga hiyo. Mwaka 1932 Frederic Bartlett wa Cambridge alieleza jinsi Waingereza walivyoikumbuka ngano ya wenyeji wa Amerika Kaskazini: kila iliposimuliwa tena ilizidi kufupika, na mitumbwi ikageuka mashua. Kila msomaji aliijenga upya kwa mambo aliyoyazoea.

Lakini vina huyalinda maneno tu, havilindi kisa chake. Muyaka aliwatungia watu walioishi naye mji mmoja, waliomjua adui anayesemwa na vita vinavyodokezwa. Wao walipoondoka, fumbo lilibaki bila mfumbuzi. Kwa hiyo maelezo aliyoyatoa Mwalimu Sikujua, aliyefariki mwaka 1890, kuhusu tungo hizo nayathamini sawa na beti zenyewe: bila maelezo hayo tungekuwa na maneno kamili tusiyoyaelewa. Ndiyo maana mwanafunzi wangu akighani ubeti, sharti pia atueleze ulitungwa kwa sababu gani na ukimlenga nani.